Kamba ya Mzee Masatu na Miguu ya Mafuru

Wenzangu wa kilimo, siku mliponiaga mlisema mambo mengi mazuri, mengine nikiyasikia kwa mara ya kwanza. Mlinipa saa ya ukutani na koti. Saa naitazama sasa hivi, koti limenibana. Kisha Neema, yule bibi shamba wetu anayekimbia kila asubuhi kutoka Nyasura na kurudi, akanivuta kando akaniuliza swali ambalo hakuna hotuba iliyoligusa. Alisema ni miezi miwili sasa anakimbia mwendo uleule kwa muda uleule, haongezi wala hapunguzi, na moyo umeanza kumlegea. "Mzee," akasema, "nasikia zamani uliwahi kufundisha wakimbiaji. Mtu akikwama hapo anafanyaje?"

Nilimwambia nitamjibu kwa maandishi. Jibu lenyewe ni refu, na mimi sitoki humo vizuri, lakini nimeshastaafu na hakuna tena wa kunipa uhamisho wa ghafla. Mambo ya kupanda vyeo nayaacha, kwa kuwa yalikuwa machache na hayakuwahi kumchekesha mtu.

Nilifika Bunda miezi michache baada ya Uhuru, nimetoka chuo cha kilimo, kaptula ya kaki imenyooka, soksi hadi magotini. Nilikuwa na sanduku la bati, baiskeli ya serikali, na saa ya mkono yenye mshale wa sekunde ambayo baba alinipa nilipomaliza masomo. Nilipangiwa wakulima wa pamba wa upande wa barabara iendayo Butiama. Nilijiona nimebeba nchi nzima kwenye kile kiti cha nyuma cha baiskeli. Kumbe nilikuwa nimebeba kamba tu.

Aliyenikabidhi kamba hiyo ni Mzee Masatu, mpimaji wa mashamba, mtu wa Suguti, mfupi, mwenye viganja vigumu kama ngozi ya kiatu. Alikuwa akipima mashamba tangu mimi sijazaliwa. Kamba ilikuwa ya katani, ya yadi sabini. Ukiivuta upande mmoja, ukageuka na kuivuta upande wa pili, mpaka ukafunga mraba, hiyo ndiyo eka yako. Mnyororo wa chuma wa kupimia ulikuwa mmoja tu, uko ofisini Musoma, na kila bwana shamba alitakiwa kuipeleka kamba yake huko kila mwaka kabla ya kupanda, ilazwe kando ya mnyororo ionekane kama bado inasema kweli. Naomba sentensi hiyo muikumbuke.

Mzee Masatu alinifundisha kazi kwa maneno machache. "Kamba isiwe na tumbo," alikuwa akisema, maana yake ivutwe mpaka inyooke. "Kigingi kishike chini sawasawa, siyo unakichomeka kama unapanda maua. Na ukiwa unapima usimwangalie mwenye shamba usoni. Atakuoneaga huruma, au wewe utamwonea." Mwaka wa kwanza nilimuudhi mara nyingi kwa kuwa nilipenda kutoa hotuba kabla ya kupima. Yeye alisubiri nimalize huku ameshika ncha ya kamba, amefumba macho.

Jambo moja alilofanya nililisifu sana, hata nikaliandika kwenye taarifa. Kamba ilipokatika, na kamba ya katani hukatika, aliifunga fundo. Lakini fundo hula urefu. Kamba ikiwa fupi, eka ya mkulima inapungua, na Mzee Masatu hakuweza kuvumilia mkulima apunjwe. Basi kila alipofunga fundo aliongeza kipande cha kamba nyingine ili kulipa kile kilicholiwa. Alikipima kwa mkono wake, kutoka kwapani hadi ncha ya kidole. Alikiita fidia ya fundo. Mimi nikaona huu ndio uadilifu wenyewe tuliofundishwa chuoni. Sikujiuliza fundo moja linakula kiasi gani hasa. Linakula shubiri moja, na mkono wa mtu ni shubiri tatu.

Hata hivyo, miaka ile ya mwanzo kosa halikumuumiza mtu. Kila mtu alikuwa na shamba lake, na kamba ikiwa ndefu kidogo mkulima alifurahi. Tena kila mwaka tulipoipeleka Musoma, karani wa pale aliilaza kando ya mnyororo, akakata kilichozidi, akatupa stakabadhi. Tulikula sato, tukarudi.

Kisha ikaja Ujamaa. Watu wakahamia pamoja, kijiji chetu kikaanzishwa kando ya barabara, na tukalima shamba moja kubwa la pamba la kijiji. Kila mtu mzima alipewa ngwe yake ya kulima na kupalilia: urefu kamba moja, upana hatua tano, na kila palizi tulizipima upya. Mkishamaliza ngwe zenu mnaenda nyumbani. Sasa angalieni jambo lilivyogeuka. Kamba ndefu, ambayo zamani ilikuwa zawadi kwa mkulima, ikawa adhabu, na mimi wala Mzee Masatu hatukuliona hilo. Tulikuwa bado tunaogopa kuwapunja watu.

Kamba nayo ikapata kazi nyingi, maana ndiyo iliyokuwa imara kuliko zote kijijini. Lori la pamba likizama kwenye udongo mweusi wa mbugani, kamba ya Bwana Shamba. Ng'ombe akitumbukia kisimani, kamba ya Bwana Shamba. Siku ya Saba Saba wenye ndoa walishindana kuvuta kamba na makapera, na ilivutwa ileile. Ilikatika katikati, kijiji kizima kikaanguka chali, makapera wakisema wameshinda kwa sababu wao ndio waliobaki na kipande kirefu. Mzee Masatu alikusanya vipande kwa uchungu, akafunga fundo, akaongeza fidia.

Na Musoma sikuwa naenda tena. Mwaka mmoja tairi lilikuwa limeisha, mwaka wa pili nilikuwa na mkutano, mwaka wa tatu niliona kamba ninaijua kuliko mnyororo wao.

Hapo ndipo Mafuru alipokuja. Familia yao ilitoka Suguti kujiunga na kijiji. Alikuwa kijana mzima wa miaka ishirini na kitu, mrefu, mkimya, miguu imeanzia karibu na shingo. Nilimwona mara ya kwanza akimkimbiza dume la kijiji lililokuwa limekata kamba (yangu, naam). Dume lilielekea upande wa Butiama na Mafuru nyuma yake. Baada ya muda tukamwona Mafuru anarudi, anapumua taratibu. Tulipomuuliza dume liko wapi, alisema limechoka, limelala njiani, atalifuata baadaye.

Siku zilezile ikatangazwa kwamba baada ya Pasaka kutakuwa na michezo ya mkoa Musoma. Mbio za maili tatu zilitaka mtu awe na barua inayothibitisha kwamba amekimbia chini ya dakika kumi na sita na nusu. Mwenyekiti wa kijiji akauliza mkutanoni nani ana saa yenye mshale wa sekunde. Nikanyoosha mkono, nikawa mwalimu wa riadha. Sijawahi kupata cheo kwa wepesi namna ile.

Kwa Mafuru jambo hili halikuwa mchezo. Baba yake alikuwa amemwambia wazi: ukichaguliwa kwenda Musoma, utakimbia, na huenda jeshi au polisi watakuona, usipochaguliwa, Pasaka ikipita utakwenda Murangi kwa mjomba wako ukaingie kwenye mtumbwi. Mafuru alikuwa mtu wa ng'ombe na nchi kavu. Maji yalimtia kichefuchefu hata yakiwa kwenye ndoo.

Tukapima uwanja kando ya shule. Kila upande kamba moja, pembe nne, mizunguko kumi na tisa, ambayo ni maili tatu na hatua chache za ziada. Mistari tuliichora kwa majivu, na kwa kuwa mbuzi na mvua waliifuta, kila mwisho wa mwezi kabla ya jaribio tuliipima upya. Jaribio la kwanza Mafuru alikimbia dakika kumi na nane. La pili, kumi na saba na nusu. Nikamwambia kwa mwendo huo mwezi ujao tutakuwa tumefika. La tatu, kumi na saba na nusu. La nne, kumi na saba na nusu.

Neema, ulipouliza mtu anafanyaje, mimi nilifanya kila kitu. Nilianza na hotuba, kwa kuwa ndiyo niliyokuwa nayo nyingi. Nilimwambia mwili hauna mwisho, mwisho uko rohoni. Nilimwambia nchi nzima inasonga mbele, yeye peke yake ndiye amesimama. Alisikiliza kwa adabu, akakimbia, dakika kumi na saba na nusu.

Nikahamia kwenye chakula. Mama yake alitaka ale ugali wa udaga, ule wa muhogo, na samaki furu mpaka ashindwe kuinuka, mimi nilitaka apunguze ugali. Tukakubaliana mayai. Kijiji kizima kilichanga mayai, akayanywa mabichi wiki nzima akinitazama tu. Siku ya jaribio alikimbia kumi na saba na nusu, halafu akaenda nyuma ya shule kwa muda ambao sikuupima.

Nikamfunga gunia la pamba mgongoni. Nikampandisha kilima. Nikamfuata na baiskeli nikipiga kengele, mpaka mimi nikaanguka kwenye kona ya tatu. Nikamweka mpiga litungu, ile ala yetu ya nyuzi, kwenye kona ya pili ili amtie moyo, na hilo nalo tukaliacha kwa sababu Mafuru alipofika pale mabega yake yalianza kucheza na miguu ikafuata mabega. Mwishoni nikafanya jambo ambalo siwashauri: nilimfungulia yule dume. Mafuru alikimbia vizuri kuliko siku zote, na dume likaonekana kumkumbuka. Nilitazama saa. Dakika kumi na saba na sekunde ishirini na nane. Tuliona huu ni ushindi, tukafurahi siku mbili, kisha jaribio lililofuata akarudi palepale.

Nilifikiri saa ni mbovu. Nikaipeleka kwa fundi saa Musoma, akaifungua, akaitazama na kile kidude cha jichoni, akasema hii saa itakuzika. Kwa hiyo saa ilikuwa sawa. Nikaanza kufikiri kwamba mwenye kasoro ni Mafuru. Na nilimwambia. Nilimwambia mbele ya wenzake kwamba ana miguu mikubwa na roho ndogo. Naandika hilo hapa kwa aibu, maana hata leo linanichoma.

Tulikuwa wakati wa palizi. Siku hizo kulikuwa na mama mmoja, Mama Nyangeta, mjane, mpaliliaji hodari kuliko wote kijijini, mwenye sauti inayofika ng'ambo ya bonde. Wiki chache kabla alikuwa amesimama shambani, jembe begani, akasema, "Bwana Shamba, hii ngwe yangu inakuaga."

"Mama Nyangeta," nilimjibu, "ngwe haikui. Kinachopungua ni nguvu za kupalilia."

Watu walicheka sana. Yeye hakucheka. Aliinama akaendelea kupalilia, na mimi nikaandika kwenye kitabu changu kwamba akina mama wahamasishwe.

Ikafika jaribio la mwisho wa mwezi, la mwisho kabisa kabla ya orodha kupelekwa Musoma. Mafuru alimaliza mzunguko wa kumi na tisa, nikasoma saa, nikaifunika kwa kiganja. Hakuniuliza ni ngapi. Alikaa kwenye majani akaanza kung'oa mbigili zilizomchoma miguuni.

"Bwana Shamba, mimi nimefika mwisho," alisema. "Miguu ni hii hii Mungu alinipa, mingine sina. Jumatatu naenda Murangi kwa mjomba, Pasaka sisubiri."

Nikafungua mdomo kutoa hotuba. Mama Nyangeta alikuwa anapita na jembe lake, akasimama.

"Huyu naye uwanja wake unakuaga?" akauliza.

"Mama, tafadhali."

"Usiniambie tafadhali. Mwaka ule tumeanza hili shamba, mstari wangu ulikuwaga na mashimo mia na arobaini. Nahesabuga, maana nikihesabu sichoki. Mwaka huu nimehesabu mia na hamsini na moja. Kijiti cha kupandia ni kile kile ulitupaga wewe mwenyewe. Sasa niambie wewe uliyesoma, pamba imejifunza kuruka?"

Akaenda zake. Nilibaki nimesimama na saa mkononi. Kile kijiti nilikikata mwenyewe, futi moja na nusu kutoka shimo hadi shimo, na kijiti cha mti hakivutiki. Mashimo mia na arobaini ni yadi sabini kamili. Nilikwenda shambani nikapiga magoti kwenye ngwe yake nikahesabu shimo kwa shimo. Mia moja hamsini na moja. Nikaazima fimbo ya yadi ya mwalimu wa hesabu, nikailaza kamba mbele ya mlango wangu, nikaipima. Yadi sabini na tano na nusu, na mafundo kumi na moja.

Furaha niliyoipata ilikuwa kubwa, sitaificha. Nilikaa chini nikapiga hesabu kwenye mchanga. Mafuru alikuwa hajasimama hata siku moja. Kila mwezi alikuwa anaongeza mwendo, na kila mwezi kamba ilikatika, ikafungwa fundo, nasi tukamwongezea uwanja. Niliinuka nikimbie kwake nimwambie.

Nilipoingia ndani kuchukua kofia nikaona cheti. Kilikuwa ukutani, kwenye fremu, na kilisema kwamba bwana shamba huyu ametoa pamba nyingi kwa eka kuliko wenzake wote wa wilaya. Nilikuwa nakifuta vumbi kila Jumapili. Na pale mlangoni nikaelewa kwa nini eka zangu zilizaa kuliko eka za wengine. Kila eka yangu ilikuwa eka moja na kipande. Nikaivua kofia, nikakaa.

Nikapata ujanja. Mchana wa siku ya pili, watu wakiwa shambani, niliikata kamba peke yangu, nikapima uwanja upya, nikachora majivu. Nilitaka Mafuru akimbie, apate muda wake, aende Musoma, na mimi nibaki na cheti changu, kila mtu na chake. Nikamtumia salamu aje tujaribu mara moja ya mwisho. Akarudisha salamu kwamba ananishukuru sana, lakini hapana. Nikaenda mwenyewe. Nilimkuta anafunga mzigo, mama yake anamtilia udaga kwenye mfuko, macho mekundu. Nikatoa hotuba yangu nzuri kuliko zote. Aliendelea kufunga mzigo.

Nilitoka nikafika nje ya uzio. Nilisimama hapo muda mrefu kuliko mbio zake zote. Orodha ilikuwa inaondoka Jumatatu asubuhi, na mtumbwi nao. Nikarudi ndani.

"Mafuru, uwanja ulikuwa mrefu."

"Mrefu namna gani?"

"Kamba iliongezeka. Mwendo wako umekuwa ukipanda kila mwezi. Mama Nyangeta alisema kweli."

Akaacha kufunga mzigo. "Tangu lini?"

"Tangu kabla hujaja. Lakini imezidi tangu Saba Saba."

Alihesabu kwa vidole. Mama yake naye aliacha udaga.

"Sasa yale maneno ya kwamba nina roho ndogo?"

"Nilikosea."

"Na yale mayai?"

"Nayo."

"Na yule dume?"

"Naye. Nisamehe, Mafuru."

Hakusema amenisamehe. Alisimama, akavua viatu vyake vya safari, akaniuliza kama saa ninayo. Nilimwomba asubiri kesho baada ya kanisa, ili watu washuhudie, na hapo nilijua nimejimaliza, kwa kuwa kitu kikishuhudiwa na kijiji kile huwezi tena kukirudisha kabatini.

Jumapili watu walijaa uwanjani na nguo zao za kanisani. Nikaeleza yote, kwa mara ya kwanza bila hotuba. Mwalimu wa hesabu akapima uwanja kwa fimbo yake. Mafuru akakimbia. Hakukuwa na litungu wala dume. Alipomaliza nilisoma kwa sauti: dakika kumi na sita na sekunde kumi na tatu. Mama yake alinikumbatia, kisha akakumbuka mayai akaniachia.

Aliyebaki pembeni ni Mzee Masatu. Nilimkuta ameikalia ile kamba, anayapapasa mafundo moja moja. Huyu ndiye aliyenifundisha kazi, na nilikuwa nimemweleza mbele ya kijiji kwamba wema wake ndio uliotuharibia hesabu.

"Nilikuwaga naogopa tusiwapunje," alisema.

"Najua, Mzee."

"Kumbe nimewapunja kwa kuwaongeza."

Nilimwambia kosa ni langu, kwa sababu yeye alipewa kufunga mafundo, na mimi ndiye niliyepewa kuipeleka kamba kwenye mnyororo. Alitikisa kichwa muda mrefu. Machozi yalinitoka, na yeye, mtu asiyependa hotuba, akanipa ncha ya kamba niishike tuikunje pamoja.

Jumatatu niliondoka na lori kwenda Musoma na Mafuru, kamba, barua ya muda wake, na cheti kikiwa na fremu yake. Kwenye barua nilikuwa nimeandika jinsi uwanja ulivyopimwa na jinsi eka zilivyopimwa, maana huwezi kuandika la kwanza ukaacha la pili. Afisa kilimo aliisoma, akaagiza kamba, pamoja na kile kipande nilichokikata, ilazwe kando ya mnyororo. Alitembea kutoka mwanzo hadi mwisho wake, mikono nyuma.

"Kwa hiyo pamba yako haikuwa bora," alisema.

"Ilikuwa ya kawaida, bwana."

"Na mkimbiaji?"

"Yeye ndiye alikuwa bora. Mimi ndiye niliyemfanya wa kawaida."

Akakichukua cheti. Fremu alinirudishia, akasema ni yangu.

Mafuru alikimbia baada ya Pasaka. Alishika nafasi ya pili, na watu wa Musoma walimkumbuka kwa muda mrefu si kwa sababu hiyo, bali kwa sababu hakusimama. Miguu yake ilikuwa imezoea kwamba mwisho huwa uko mbele kidogo. Alivuka mstari wa mwisho, akampita mshindi hatua kumi baada ya mstari, akaendelea nusu mzunguko hadi askari akamshika bega. Askari huyo akamuuliza jina, anwani, na kama ana kazi. Ya mtumbwi yakaishia hapo.

Lakini kabla hajaenda depo kuanza mafunzo ya uaskari alikuja kuaga kijijini, na siku hiyo kulikuwa na jambo langu. Mkutano wa kijiji ulikuwa umekaa kuzungumzia zile ngwe. Wengine walisema yaliyopita yamepita. Mama Nyangeta alisema yamepita kwa nani. Alidai kwamba mashimo yote aliyopalilia kwa ziada hawezi kurudishiwa, lakini Bwana Shamba anaweza kupalilia ngwe yake mara moja, palizi ya mwisho, ili ajue. Mkutano ukapitisha kwa mikono yote. Mzee Masatu alinyoosha miwili.

Nikafika shambani asubuhi na jembe la kuazima. Nikamkuta Mama Nyangeta ameshachomeka vigingi, na mkononi ameshika kamba ileile ndefu, pamoja na kile kipande nilichokikata, amekiunga kwa fundo.

"Mama, hiyo si kamba sahihi," nilisema.

"Ndiyo mimi niliyolimia," alijibu. "Na fidia ya fundo nimekuwekea."

Nilianza kwa kasi, maana watu walikuwa wanatazama. Nilipofika kama robo, viganja vikatoa malengelenge. Nilipofika nusu, mgongo ukakataa. Nilisimama nikaegemea mpini, jasho linaingia machoni, nikatazama mbele na kuona kamba bado inakwenda. Nilisema kwa sauti ya kweli kwamba nimefika mwisho.

Nikasikia mtu amechuchumaa kando yangu. Alikuwa Mafuru, amevaa shati safi la safari, kashika saa yangu niliyokuwa nimeivua na kuiweka juu ya jiwe. Aliitazama vizuri, mshale wa sekunde na yote.

"Mwili hauna mwisho, Bwana Shamba," alisema taratibu. "Mwisho uko rohoni. Nikuletee mayai, au nimfungue dume?"